Baba alibadilisha wosia akiwa mgonjwa: Ndugu waanzie wapi?

Matanga yakishaanuliwa na wageni wakaondoka, hubaki kikao kimoja ambacho familia nyingi hukihofia kuliko mazishi yenyewe. Ni kikao cha mali. Baba mdogo au shangazi hukaa katikati, watoto wa marehemu huketi kwenye viti vya plastiki vilivyokuwa vya waombolezaji, na mmoja wao hutoa bahasha. Bahasha ikiwa moja, kazi huwa nusu. Zikiwa mbili, moja ya miaka mingi iliyopita na nyingine ya miezi michache kabla ya kifo, ndugu waliolia pamoja wiki nzima huanza kutazamana kwa jicho jingine.

Swali la kwanza huwa ni nani kapewa nini. Linaeleweka, lakini halina jibu la kumridhisha kila mtu. Swali lenye uzito zaidi linahusu afya kuliko mali: siku mzazi anaweka sahihi kwenye karatasi ya pili, alikuwa katika hali gani, na nani alikuwa naye chumbani? Familia nyingi hufika mahakamani bila jibu la swali hilo. Mara nyingi hakuna aliyelificha jibu. Ni kwamba hakuna aliyefikiria kulihifadhi.

Chukua mfano wa mzee mstaafu, mjane, mwenye watoto wanne. Akiwa na miaka 65 na afya njema aliandika wosia: nyumba yenye vyumba vya kupangisha iwe ya watoto wote, kodi igawanywe sawa, na shamba la kijijini wasiliuze. Miaka 12 baadaye akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa mazito. Wa tatu, binti, akaacha biashara yake ya duka na kurudi nyumbani kumuuguza. Kaka mkubwa yuko mkoa mwingine, anatuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Wa pili ameolewa mbali, anakuja sikukuu. Kitinda mimba hana kazi ya kudumu, anakuja akiitwa.

Miezi minne kabla ya kifo, mzee akaandika wosia mwingine. Nyumba yote kwa binti anayemuuguza. Shamba kwa wale watatu. Umewekwa alama ya dole gumba, una muhuri wa ofisi ya mtaa, na mashahidi wawili ni majirani. Wale watatu waliusikia kwa mara ya kwanza siku ya kikao.

"Baba mdogo, karatasi hii mimi siitambui," anasema kaka mkubwa. "Baba alikuwa hakumbuki hata majina ya wajukuu." Binti anajibu kwamba baba alikumbuka vizuri nani alikuwa akimgeuza kitandani usiku. Hapo ndipo kikao kinapovunjika, na wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli.

Akili timamu maana yake nini

Sheria zote zinazotumika nchini katika mirathi, ziwe za mila, za Kiislamu au za kiserikali, zinamtaka mwenye kuacha wosia awe na akili timamu na afanye kwa hiari yake. Pia zinamruhusu kuubadilisha wakati wowote akiwa hai, mradi masharti hayo mawili yapo. Kwa hiyo kubadilisha wosia si kosa, na uzee peke yake hauuharibu.

Maneno "akili timamu" ndiyo yanayopigiwa kelele bila kufafanuliwa. Watu huyachukulia kama taa, ama imewashwa ama imezimwa. Katika tiba si hivyo. Uwezo wa mtu kuamua hupimwa kwa jambo mahususi na kwa wakati mahususi. Mgonjwa anaweza kushindwa kusimamia mahesabu ya kodi za wapangaji lakini akajua wazi kwamba ana nyumba moja, shamba moja na watoto wanne. Anaweza kuwa vizuri saa tatu asubuhi na kuwa hajijui saa tatu usiku.

Kipimo ambacho mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza hurejea kilitokana na kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1870. Kwa lugha rahisi, kina mambo manne. Je, mtu anaelewa kwamba anagawa mali itakayochukuliwa baada ya kufa kwake? Anajua kwa jumla mali zake ni zipi? Anawakumbuka watu ambao kwa haki wanapaswa kufikiriwa, hata kama ataamua kutowapa? Na je, hana ugonjwa wa akili unaomfanya amchukie mtu au agawe mali kwa namna ambayo asingefanya akiwa mzima?

Kinachofaa kukumbukwa ni kilichotokea katika kesi yenyewe. Marehemu John Banks aliwahi kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na aliamini kwamba anaandamwa na pepo na na mtu aliyekwisha kufa. Hata hivyo wosia wake ulikubaliwa, kwa sababu imani hizo hazikugusa namna alivyogawa mali yake. Hii ina maana kwamba kusema "baba alikuwa anaumwa kichwa" au "mama alikuwa anaongea peke yake" hakutoshi. Lazima ionekane kwamba ugonjwa uliingia ndani ya uamuzi.

Vivyo hivyo, kusahau majina ya wajukuu si ushahidi wa mwisho. Wazee wengi wenye akili zao huwaita wajukuu kwa majina ya baba zao. Kinachotia shaka zaidi ni mzazi aliyesahau kwamba ana mtoto fulani, au anayedhani bado anamiliki kiwanja alichouza zamani.

Magonjwa yanayochanganywa

Kwenye vikao vya ukoo hali tatu tofauti huitwa kwa jina moja: "alikuwa amechanganyikiwa." Zinahitaji kutenganishwa, kwa sababu kila moja inaleta jibu tofauti kuhusu ile karatasi.

Ya kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako madaktari hukuita deliriamu. Huja ndani ya saa au siku chache. Mgonjwa hushindwa kufuatilia mazungumzo, huona vitu visivyokuwepo, hulala mchana na kukesha usiku, na hali hupanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo. Kwa mtu mzima sana, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, upasuaji au dawa kali za maumivu kama mofini vinaweza kuileta. Mara nyingi huondoka chanzo kikitibiwa. Wosia uliosainiwa katikati ya hali hiyo una mashaka makubwa. Uliosainiwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona unaweza kuwa hauna tatizo lolote. Ndiyo maana tarehe, na hata saa, ina uzito.

Ya pili ni dimenshia, kundi la magonjwa ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri polepole kwa miezi na miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nayo, na walio wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza. Katika jamii nyingi dalili za mwanzo hupita zikiitwa uzee tu: kurudia swali lilelile, kupotea njia aliyoizoea, kushindwa kuhesabu chenji, kuwatuhumu watu wa nyumbani kwa wizi. Katika hatua za mwanzo mtu bado anaweza kuandika wosia halali. Katika hatua za mbali hawezi. Mstari kati ya hatua hizo hauonekani kwa macho ya mgeni aliyekuja Krismasi au Idi kwa siku mbili.

Dalili ile ya kutuhumu wizi inahitaji uangalifu wa pekee. Mzazi anayeamini, bila msingi wowote, kwamba mwanawe mmoja anaiba fedha zake au anamwekea sumu kwenye chakula, kisha akamwondoa kwenye wosia kwa sababu hiyo, yuko karibu sana na lile jambo la nne la kipimo. Hapo ugonjwa ndio uliogawa mali.

Ya tatu ni kiharusi. Hapa kosa huwa kinyume: watu humdhania mgonjwa hajielewi kwa sababu tu hasemi. Kiharusi kinaweza kuharibu sehemu ya ubongo inayotoa maneno huku uelewa ukibaki. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kujibu kwa kutikisa kichwa, kunyoosha kidole au kuandika kwa mkono wa kushoto. Kinaweza pia kubadilisha mwandiko kabisa. Ndugu wanaposhika karatasi mbili na kupaza sauti kwamba "hii si sahihi ya baba", huenda wanachokiona si ulaghai bali ni mkono uliopooza, kama ambavyo ugonjwa wa Parkinson hufanya herufi kuwa ndogo na zenye kutetemeka. Kwa upande mwingine, kiharusi kikubwa au kinachojirudia kinaweza kugusa uelewa pia, na hilo haliwezi kuamuliwa kwa kumtazama tu.

Kwa mzee wa mfano huu, basi, swali la kaka mkubwa lingepaswa kuwa jingine. Badala ya "alikuwa anakumbuka majina?", aulize: mwezi ule baba alikuwa anatumia dawa gani, alilazwa lini na kutoka lini, daktari wa kliniki aliandika nini? Karatasi ya ruhusa ya hospitali, kadi ya kliniki na vyeti vya dawa vina tarehe. Mambo yakifika mahakamani, daktari aliyemtibu anaweza kuitwa na faili likatakiwa. Familia ambayo inachoma makaratasi ya hospitali pamoja na godoro la marehemu inachoma ushahidi ambao ungeweza kumsafisha mmoja wao.

Hiari, na upande wa anayeuguza

Mtu anaweza kuwa na akili timamu na bado asiwe huru. Mgonjwa anayelishwa, kuogeshwa na kubadilishwa pampasi na mtu mmoja anamtegemea mtu huyo kwa kila pumzi. Haihitaji kutishwa. Inatosha kusikia kila siku kwamba wenzake wamemtupa, kwamba simu zao hazikupigwa, ilhali simu imezimwa na iko kabatini.

Dalili za shinikizo zinajulikana. Wageni huanza kuzuiwa, au kila mgeni hukaa na mgonjwa mbele ya mtu yuleyule. Mwandishi wa wosia huletwa na mtu atakayenufaika, na gharama hulipwa naye. Mabadiliko hufanywa haraka na kwa siri, na huwa makubwa kuliko kitu chochote mzazi aliwahi kusema. Moja kati ya hizi peke yake haithibitishi chochote. Zikikutana zote, hata mtu wa nje atauliza.

Siku hizi kuna pia video za simu. Mtoto husimama juu ya kitanda akirekodi: "Baba, si ulisema nyumba unampa dada?" Baba anaitikia, "Ndiyo." Familia hudhani imepata ushahidi wa chuma. Video ya namna hiyo inaonyesha tu kwamba mgonjwa anaweza kuitikia. Angeulizwa "si ulisema nyumba unampa kaka?" huenda angeitikia vilevile. Daktari anayepima uwezo wa kuamua huuliza maswali yaliyo wazi, akiwa na mgonjwa peke yake: una mali gani, watoto wako ni akina nani, unataka kufanya nini, kwa nini unabadilisha, na aliyepunguziwa atajisikiaje? Mgonjwa anayeweza kueleza sababu kwa maneno yake amesaidia zaidi kuliko rekodi kumi za "ndiyo".

Lakini haki inadai upande wa pili nao usikilizwe. Binti aliyeacha duka lake alitoa kitu ambacho hakionekani kwenye miamala ya simu. Kumuuguza mtu aliyepooza ni kumgeuza mara kwa mara usiku na mchana ili asipate vidonda vya kitandani, kumlisha polepole asipaliwe, kufua mashuka kila siku, kulala kwa vipande. Wanaouguza kwa muda mrefu hupata maumivu ya mgongo, sonona na uchovu usioisha, na wengi wao hawapimi hata shinikizo lao la damu. Mzazi anayeona hayo na kuamua kumpa zaidi hajarogwa. Anaweza kuwa ametenda haki kuliko wosia wa kwanza, ulioandikwa kabla hajajua nani atabaki.

Tatizo la binti huyu si kwamba alipewa. Ni kwamba alipewa gizani. Kwa kukaa kimya miezi minne, ama kwa woga au kwa agizo la baba, amerithi nyumba pamoja na tuhuma itakayomfuata kila atakapokutana na ndugu zake msibani. Na wale watatu hawalilii vyumba vya kupangisha tu. Wamesoma karatasi ile kama cheti cha matokeo: baba amewapanga, na wao wameshika mkia, bila kuambiwa walikosea wapi na bila nafasi ya kuuliza.

Karatasi yenyewe

Baada ya akili na hiari huja utaratibu, na hapa nchini unategemea sheria ipi inatumika kwa marehemu. Kwa wanaofuata mila, Tanzania Bara ina Sheria za Wosia zilizomo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Kwa mujibu wake, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Wa asiyejua kusoma na kuandika unahitaji wanne. Wosia wa mfano huu una majirani wawili tu. Hakuna mtu wa ukoo, na ukipimwa kwa sheria hiyo hilo peke yake ni kasoro, hata kama mzee alikuwa na akili kuliko wote waliokuwepo.

Sheria hiyohiyo inataja sababu za kumnyima mrithi urithi, ikiwemo kumtelekeza mwenye wosia akiwa katika ugonjwa au njaa bila sababu ya maana. Lakini inataka mwenye wosia aseme wazi anamnyima nani na kwa nini, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea mbele yake au mbele ya baraza la ukoo. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba jeraha kubwa ni kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Kwa Waislamu, wasia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya kulipa madeni na gharama za maziko, na hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Baba Muislamu anayetaka kumtuza binti anayemuuguza ana njia ya kumpa akiwa bado hai, kwa zawadi ya wazi inayokabidhiwa, na hilo ni vizuri lizungumzwe na mashehe mapema badala ya kuandikwa kitandani. Kwa wale ambao mirathi yao inafuata sheria ya kiserikali, wosia unahitaji mashahidi wawili, na anayenufaika akijiweka shahidi hupoteza alichoachiwa.

Muhuri wa mtaa hauthibitishi akili ya mtu. Mwenyekiti anashuhudia kwamba karatasi imepita mezani kwake. Na kuna jambo wengi hawalijui: wosia wa pili ukikataliwa, haina maana kwamba mali inagawanywa kama vile hakuna wosia. Ule wa kwanza, kama upo na ulikuwa halali, ndio unaorudi mezani. Ndugu wanaopigania kufuta karatasi ya pili wasome kwanza ya kwanza.

La kufanya kabla na baada

Mzazi anayetaka kubadilisha wosia akiwa mgonjwa anaweza kuwaokoa wanawe kwa hatua chache. Achague wakati ambao yuko vizuri, si siku ya homa wala saa chache baada ya dawa kali. Aombe daktari anayemtibu amzungumze naye faragha na kuandika kwenye faili, siku hiyohiyo, alichokiona kuhusu uelewa wake. Mashahidi wawe watu wasiopata chochote, na awepo wa ukoo. Abadilishe kwa maandishi, aseme ndani ya maandishi hayo kwamba anafuta wosia wa tarehe fulani, na aandike sababu kwa sentensi moja au mbili zisizo na matusi. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, huandaa na kuhifadhi wosia. Wakili na taasisi nyingine zinazoaminika nazo huweza kuuhifadhi. Chini ya godoro si mahali pa karatasi ya namna hiyo.

Na kama moyo unamruhusu, awaambie watoto. Si lazima asome kila mstari. Sentensi kama "nimebadilisha, nimempa mwenzenu zaidi kwa sababu hii" inauma siku moja ikitoka kinywani mwa baba. Ikitoka kwenye bahasha baada ya yeye kuzikwa, hakuna wa kuulizwa.

Anayeuguza naye ana kazi yake. Asiwe yeye wa kumleta mwandishi, asilipe, na asiwepo chumbani mzazi anapozungumza na daktari au mashahidi. Mlango ubaki wazi kwa ndugu, na simu ya mzazi ipokelewe. Aweke daftari la dawa, siku za kliniki na gharama. Daftari hilo humsaidia mgonjwa leo na litamtetea yeye kesho.

Walio mbali wasisubiri msiba kujua hali ya baba. Fedha ya mwisho wa mwezi ni msaada wa kweli, lakini haimpumzishi aliyekesha. Kuja wiki moja kushika zamu, kumpeleka mzee kliniki na kumsikia daktari kwa masikio yako, kunajenga ufahamu ambao hakuna hati inayoweza kuuleta. Dalili za kusahau zikionekana, apelekwe kupimwa mapema, kwa sababu baadhi ya visababishi hutibika na kwa sababu muda wa yeye kupanga mambo yake ni mfupi.

Na kama mzazi ameshaondoka na bahasha ni mbili, kikao kisianze na nyumba. Kianze na tarehe. Mtu mmoja asiye mrithi akusanye nyaraka za hospitali na nyosia zote mbili, nakala zitolewe kwa kila mtoto, na mashahidi waitwe waeleze walichoona. Kusiwe na kuuza, kubomoa wala kufukuza wapangaji. Kama bado kuna shaka, ombi la usimamizi wa mirathi lifunguliwe mahakamani: Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu, na mahakama za juu yake kwa mingine. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kuweka pingamizi si kumtukana ndugu. Ni kumwomba mtu wa tatu aulize maswali ambayo ndani ya familia yanageuka matusi.

Huenda jibu likawa kwamba baba hakujua alichokuwa akikifanya, na karatasi ianguke. Huenda likawa kwamba alijua vizuri kabisa, lakini utaratibu haukufuatwa. Katika hali hiyo ndugu bado wanaweza kukaa, bila kulazimishwa na mtu, na kukubaliana kwamba aliyeacha duka lake apate fidia ya miaka ile kabla ya kugawana kinachobaki. Mahakama haiwezi kuwaamuru warithi wawe na shukrani. Hilo limeachwa mikononi mwao.